Kutoka OPRAS hadi PEPMIS: Ni Nini Humfanya Mtumishi Akubali Mabadiliko?

Katika mwaka wa fedha 2023/24 watumishi wa umma nchini walianza kupimwa utendaji kazi wao kwa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, unaoitwa pia e-Utendaji. Mfumo huo ulichukua nafasi ya OPRAS, yaani Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliotumika kwa takribani miaka 20. Kwa mtumishi wa Halmashauri, badiliko hili ni zaidi ya kuacha karatasi na kushika simu. Mwalimu, muuguzi, afisa ugani na mtendaji wa kijiji sasa huingiza majukumu yake katika mfumo, huandika hatua aliyofikia, na msimamizi wake huthibitisha humo humo. Taarifa hizo ndizo zinazotazamwa anapofikiriwa kupandishwa cheo.

Makala haya hayakusudii kufundisha namna ya kutumia mfumo huo, kwani maelekezo hayo hutolewa na Maafisa Utumishi. Yanakusudia kujibu swali lililo nyuma yake: kwa nini badiliko moja hupokelewa na watumishi likawa sehemu ya kazi zao za kila siku, ilhali jingine hutekelezwa kwa kutimiza wajibu tu, kisha likafia katika majalada? Swali hili si la watumishi peke yao. Mwananchi anayesubiri kibali cha ujenzi, dawa za zahanati au pembejeo ndiye anayelipa gharama ya badiliko lililokubaliwa kwa mdomo na kukataliwa kwa moyo.

YALIYOIPATA OPRAS

Kabla ya mwaka 2004 mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa ya siri. Msimamizi aliandika maoni yake kuhusu mtumishi, na mtumishi hakuyaona wala hakupewa nafasi ya kuyajibu. OPRAS ilikuja kuondoa utaratibu huo. Mwezi Julai, mwaka wa fedha unapoanza, mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kuketi pamoja na kukubaliana malengo, vigezo vya kuyapima na rasilimali zitakazohitajika. Mwezi Desemba walifanya mapitio ya nusu mwaka, na mwezi Juni tathmini ya mwaka mzima. Alama zilianzia 1 hadi 5, ambapo 1 ilikuwa ya utendaji bora kuliko wote. Pale walipotofautiana, mtu wa tatu aliweza kuitwa kushuhudia majadiliano yao.

Kwa maandishi, ni vigumu kuuona upungufu wa utaratibu huu. Ulikuwa wa wazi, wa haki na wa makubaliano. Hata hivyo, Serikali yenyewe ilipokuwa ikiuondoa ilieleza kwamba haukuwa ukipima utendaji halisi, na kwamba watumishi wengi walijaza fomu pale tu walipotarajia kupandishwa cheo. Malengo yaliyopaswa kuandikwa Julai yaliandikwa Juni, baada ya kazi kwisha. Rasilimali zilizoahidiwa katika fomu hazikufika, nazo alama zilitolewa kana kwamba zimefika. Aliyefanya kazi kwa bidii na aliyezembea waliweza kupata alama zinazokaribiana, kwa sababu msimamizi hakutaka lawama.

Tuzingatie jambo moja hapa. Watumishi hawakuigomea OPRAS. Fomu zilijazwa, zilisainiwa na kuhifadhiwa. Kilichokosekana ni badiliko lenyewe: yale mazungumzo kati ya mtumishi na msimamizi kuhusu kazi, ambayo ndiyo yalikuwa kiini cha mfumo. Hatari hiyo hiyo inaikabili PEPMIS. Mtandao unaweza kuharakisha ujazaji wa taarifa, lakini hauwezi kumlazimisha mtu aamini anachokijaza.

UTII NA UKUBALI NI VITU VIWILI

Mwaka 2002 watafiti Lynne Herscovitch na John Meyer wa Kanada walichapisha utafiti kuhusu aina za ukubali ambao wafanyakazi, wakiwamo wauguzi wa hospitali, huwa nao wanapokabiliwa na mabadiliko kazini. Walizitenganisha aina tatu. Wapo wanaoliunga mkono badiliko kwa kuwa wanaamini lina manufaa. Wapo wanaoliunga mkono kwa kuwa wanajiona wana wajibu wa kufanya hivyo. Na wapo wanaolifuata kwa kuwa kutolifuata kutawagharimu.

Aina zote tatu huleta utii. Tofauti huonekana pale kazi inapodai zaidi ya utii. Mwenye kuamini na mwenye kuona wajibu huvumilia usumbufu wa mwanzo, humsaidia mwenzake aliyekwama na hulitetea badiliko mbele ya wengine. Mwenye kuogopa gharama hufanya kile tu kitakachokaguliwa.

Kwa kiongozi wa Halmashauri, maana yake ni kwamba takwimu ya waliojisajili katika mfumo haitoshi kuonesha kuwa badiliko limepokelewa. Barua ya kutaka maelezo inaweza kuwafanya watumishi wote wa idara wajaze taarifa ndani ya siku tatu. Haiwezi kuwafanya wajaze taarifa za kweli.

MASWALI MATANO YA MTUMISHI

Achilles Armenakis wa Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, pamoja na wenzake, walitumia miaka mingi kuchunguza namna wafanyakazi wanavyojiandaa kwa mabadiliko. Walibainisha imani tano ambazo mfanyakazi huhitaji kuwa nazo kabla hajalikubali badiliko. Tunaweza kuzieleza kwa sura ya maswali ambayo kila mtumishi hujiuliza, hata kama hayasemi kikaoni.

Swali la kwanza: Je, kuna haja ya kubadilika? Mtumishi huona haja pale anapooneshwa pengo kati ya hali ilivyo na inavyopaswa kuwa. Kumwambia kwamba "ni maelekezo kutoka juu" hakumwoneshi pengo. Kumwonesha mwalimu kwamba mwenzake aliyefundisha kwa bidii miaka minne alikosa cheo kwa sababu fomu zake hazikuonekana katika jalada, huko ni kumwonesha pengo ambalo hata yeye analijua.

Swali la pili: Je, hili ndilo jibu la tatizo hilo? Mtu anaweza kukubali kwamba kuna ugonjwa na bado akaikataa dawa. Afisa ugani anayehudumia vijiji vilivyo mbalimbali anaweza kuafiki kwamba utendaji upimwe, lakini akauliza iwapo orodha ya majukumu aliyoyaandika inabeba ukweli wa kazi yake, ambayo wakati mwingine hutegemea mvua na barabara kuliko ratiba. Swali hilo si la ukaidi. Linastahili jibu, na jibu huenda likawa kurekebisha namna majukumu yanavyoandikwa.

Swali la tatu: Je, tutaliweza? Hapa panahusu ujuzi, vifaa na muda. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini kishikwambi kisicho na kifurushi cha intaneti, katika shule isiyo na mtandao wa uhakika, hakimalizi jambo. Mtumishi akijua kwamba mkwamo wake utahesabiwa kuwa uzembe, huanza kuuchukia mfumo kabla hajaujaribu. Akijua kwamba yupo mtu wa kumpigia simu na kwamba tatizo la mtandao linatambuliwa, huvumilia.

Swali la nne: Je, viongozi wamo kweli? Watumishi hawasikilizi hotuba tu, hutazama mwenendo. Mkuu wa idara anayewahimiza walio chini yake wajaze majukumu kila wiki, naye hajafungua mfumo kuidhinisha ya wiki iliyopita, ameshatoa jibu la swali hili. Katika OPRAS, wasimamizi waliosaini fomu 20 kwa mkupuo mwezi Juni waliwafundisha watumishi uzito halisi wa fomu hizo kuliko semina yoyote.

Swali la tano: Je, kuna faida gani kwangu na kwa ninaowahudumia? Watu wengi hudhani swali hili linahusu posho. Posho ina nafasi yake, na mtumishi anayedai malimbikizo kwa muda mrefu hawezi kulaumiwa akikosa hamasa. Lakini faida ni pana zaidi: haki katika upandishaji vyeo, kupungua kwa safari za kufuatilia jalada makao makuu ya Wilaya, kutambuliwa kwa kazi isiyoonekana, na kuona mwananchi akihudumiwa vizuri zaidi.

Maswali haya hayafanyi kazi kama mizani ambayo majibu manne mazuri hufidia moja baya. Badiliko lenye haja iliyo wazi, lakini lisilowezekana kutekelezwa, huzaa uchovu. Lenye vifaa vyote, lakini viongozi wake hawamo, huzaa dharau.

MFANO WA FEDHA ZA VITUO

Tunaweza kuyapima maswali haya kwa badiliko jingine ambalo Halmashauri zote nchini zililipitia. Mwezi Septemba 2017 Serikali ilizindua jijini Dodoma mifumo ya PlanRep iliyoboreshwa na FFARS. PlanRep iliwezesha mipango na bajeti za Halmashauri kuandaliwa kwa njia ya mtandao. FFARS ilihusu uhasibu na utoaji taarifa za fedha katika vituo vya kutolea huduma, yaani zahanati, vituo vya afya na shule. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya nazo zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo.

Kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati, hili lilikuwa badiliko zito. Mtu aliyesomea tiba alitakiwa kutunza vitabu vya fedha, kuandaa hati za malipo na kutoa taarifa. Kwa swali la tatu, jibu la wengi lilikuwa "hatutaweza", na lilikuwa jibu la haki. Ndiyo maana mafunzo yalitolewa, na wasaidizi wa hesabu wakapangiwa kuhudumia vituo kadhaa kila mmoja.

Lakini kwa swali la tano jibu lilikuwa tofauti kabisa. Awali, zahanati iliyohitaji kukarabati choo au kununua dawa zilizopungua ilisubiri uamuzi na malipo kutoka makao makuu ya Halmashauri. Sasa fedha zimo katika akaunti ya kituo, na Kamati ya Usimamizi ya Kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, inashiriki kupanga matumizi. Mtumishi aliona badiliko likimpa uwezo wa kutatua tatizo alilokuwa akilitazama kila siku. Ugumu wa kujaza ulikuwapo, ila ulikuwa na malipo yaliyoonekana dirishani, pale mgonjwa anapopokea dawa.

Hapo ndipo ilipo tofauti na OPRAS. Fomu ya OPRAS iliondoka kwa mtumishi na haikumrudishia chochote kwa miezi mingi. Taarifa ya kituo ilifungua njia ya fedha za kituo hicho hicho.

WATU WALE WALE, NJIA TOFAUTI

Wapo wanaoamini kwamba kupinga mabadiliko ni tabia ya mtu: fulani ni mkaidi, fulani ni mwepesi. Utafiti wa zamani wa Lester Coch na John French, uliochapishwa mwaka 1948, unatupa sababu ya kuwa waangalifu na imani hiyo. Ulifanyika katika kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, kilichokuwa katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Kiwanda hicho kilibadilisha kazi mara kwa mara, na kila badiliko lilileta manung'uniko, kushuka kwa uzalishaji na wafanyakazi kuacha kazi.

Watafiti waliwagawa wafanyakazi katika makundi. Kundi la kwanza liliitwa, likaelezwa badiliko na sababu zake, likaambiwa lianze. Kundi la pili lilichagua wawakilishi walioshiriki kupanga kazi mpya. Makundi mawili mengine yaliwashirikisha wafanyakazi wote. Katika kundi la kwanza, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40, na uzalishaji haukurudi ulipokuwa. Kundi lenye wawakilishi lilirejea katika kiwango chake baada ya wiki mbili. Makundi yaliyoshirikishwa wote yalirejea haraka zaidi, kisha yakavuka kiwango cha awali, na hakuna aliyeacha kazi.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye funzo kubwa. Baada ya miezi miwili na nusu hivi, waliosalia katika kundi la kwanza walikusanywa tena na kuhamishiwa kazi nyingine, safari hii kwa kushirikishwa wote. Walizoea haraka kama makundi yale mengine. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni namna walivyoingizwa katika badiliko.

Kiwanda si Halmashauri, na fulana haishonwi kama kibali kinavyotolewa. Hata hivyo, wazo la kumshirikisha mfanyakazi si geni kwetu. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na leo taasisi za umma, zikiwamo Halmashauri, zina Mabaraza ya Wafanyakazi kwa mujibu wa sheria. Chombo tunacho. La kujiuliza ni kama huletewa mabadiliko yakiwa bado mabichi, au huletewa yakiwa yamekwisha kuiva ili yapigiwe makofi.

MOYO WA UTUMISHI NA SAUTI YA ANAYEPINGA

Mwaka 1990 wasomi James Perry na Lois Wise wa Marekani walieleza kwamba baadhi ya watu huvutwa na utumishi wa umma kwa sababu zinazopatikana humo hasa: kushiriki katika maamuzi yanayoigusa jamii, kutimiza wajibu kwa nchi, na huruma kwa watu. Yeyote aliyemwona mkunga akikesha katika zahanati ya kijiji hahitaji kitabu ili kuliamini jambo hili.

Moyo huo ni nguvu kubwa ya mabadiliko, lakini una pande mbili. Mtumishi anayewapenda wananchi hulipokea kwa hiari badiliko analoona litawasaidia. Mtumishi huyo huyo hulipinga badiliko analoona litawaumiza. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, akiacha kuingiza taarifa ili amhudumie mama anayejifungua, hajaupinga mfumo. Amechagua kilicho muhimu zaidi kwa saa ile. Kiongozi akimwandikia onyo, atakuwa ameuadhibu moyo ambao mabadiliko yote ya Serikali yanauhitaji.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayelalamika kuhusu mfumo mara nyingi ndiye anayeutumia kwa dhati, na lalamiko lake ni taarifa ya kiutendaji isiyopatikana katika ripoti ya robo mwaka. Wapo pia wanaopinga kwa kuwa utaratibu mpya unafunga mianya waliyokuwa wakiitumia. Hao wapo, na sheria za utumishi zina njia ya kuwashughulikia. Kosa ni kuwaweka watu wa aina zote mbili katika kapu moja la "wakaidi", kwani kwa kufanya hivyo tunawapoteza wale wa kwanza na kuwaficha wale wa pili.

NINI KIFANYIKE KATIKA NGAZI YETU

Maamuzi mengi ya mabadiliko hufanyika katika ngazi ya Taifa, na Halmashauri haina mamlaka ya kuyaahirisha. Lakini namna ya kuyaingiza kazini imo mikononi mwetu. Kutokana na yaliyoelezwa hapo juu, mambo manne yanawezekana bila bajeti kubwa.

Kwanza, kila badiliko litambulishwe kwa kuanza na tatizo la mwananchi au la mtumishi linalokusudiwa kutatuliwa, kabla ya kutaja jina la mfumo na tarehe ya mwisho.

Pili, wasimamizi wawe wa kwanza kujifunza na wa kwanza kutumia. Mkuu wa Shule, Mganga Mfawidhi au Mtendaji wa Kata anayejua mfumo ni msaada wa karibu kuliko mtaalamu aliye makao makuu.

Tatu, taarifa zinazokusanywa zirudi kwa waliozitoa. Mtumishi aelezwe amefanya vizuri wapi, anahitaji msaada gani, na taarifa zake zimetumika kuamua nini. Mazungumzo ya nusu saa ya Desemba yana thamani kuliko alama ya Juni.

Nne, malalamiko kuhusu mfumo yapokelewe kwa maandishi, yajibiwe kwa maandishi, na yale yaliyo nje ya uwezo wa Halmashauri yapelekwe ngazi ya juu. Mtumishi anayejibiwa "hapana" kwa sababu inayoeleweka hubaki upande wetu kuliko asiyejibiwa kabisa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKAO VYA IDARA NA VITENGO

1. Taja badiliko moja lililoingizwa katika idara yako katika miaka mitatu iliyopita. Ni lipi kati ya maswali matano halikujibiwa?

2. Ni taarifa gani ambayo idara yako hukusanya kutoka vijijini na kwenye kata, lakini haijawahi kuirudisha kwa walioitoa?

3. Msimamizi: mara ya mwisho kuketi na mtumishi wako kuzungumzia kazi yake, si makosa yake, ilikuwa lini?

4. Ni lalamiko gani kuhusu mifumo limerudiwa na watumishi wengi, na limefikishwa wapi?

Watumishi wanaombwa kuwasilisha majibu ya swali la nne kupitia wawakilishi wao katika Baraza la Wafanyakazi, ili yaingizwe katika ajenda za kikao kijacho.